Nilivyoamuru Mzinga Upige Nakasero

Nichekeni tu, hata mimi sasa naweza kucheka. Juzi mwalimu wa historia alitupeleka kwenye ngome kuukuu ya wakoloni hapa Kampala, tuone jukwaa la mzinga. Mzinga ulitoka Skotilandi, na mdomo wake umeelekea Nakasero, kwa wakubwa wa serikali. Nikatangulia mbio, nikaupanda kama punda, nikakaza sauti ya kambini: "Askari! Lenga Nakasero! Piga!"

"Ndiyo, afande!"

Nyuma ya ukuta akachomoka mwanajeshi na bunduki, kapiga saluti, macho yamejaa usingizi. Kisha akaona sare yangu ya shule. Siku hizi watu wanakamatwa na kupotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Kaptula ikaanza kulowa.

"Wewe toto ya nani?"

"Ya... ya mama, afande."

Mwalimu akafika na darasa zima. "Afande, amekosa nini?"

Mwanajeshi akanitazama. Nikisema alikuwa amelala zamuni, naye amekwisha.

"Hapana kosa, mwalimu. Yeye nafunza mimi gwaride."

Nikashusha pumzi, nikateremka. Ndipo darasa zima likaiona kaptula. Walicheka mpaka mwanajeshi akacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.