Fundi wa Sare na Baba Mapacha

Kwa miaka kumi na moja, mama mmoja fundi cherehani alishona sare za kiwanda cha sabuni. Kazi ile aliipata kwa ucheshi wake. Kila alipopeleka mzigo alisimama kwenye dirisha la stoo, akamjulia hali mtunza stoo, wakacheka, akauliza pumu ya mmoja wa mapacha wake inaendeleaje. Wafanyakazi walimwita bwana yule Baba Mapacha, naye fundi akamwita hivyo hivyo.

Mwaka huu simu ya Baba Mapacha haikupatikana kwa miezi mitatu. Fundi akaenda mwenyewe. Dirishani alimkuta binti asiyemjua.

"Shikamoo, mama. Jaza fomu hii, uandike na jina la mtu wa hapa anayekufahamu."

"Marahaba, mwanangu. Ananifahamu Baba Mapacha."

"Jina lake kamili?"

Fundi hakulijua. Hakuwahi kumuuliza.

Binti akashusha sauti. "Pole sana, mama. Tulimzika mwezi wa nne. Hukuambiwa?"

Nani angemwambia? Mke wa marehemu hakumjua. Alijua ni pacha yupi anayelala kwa shida, lakini hakujua hata nyumba ya kwenda kutoa pole.

Aliirudisha fomu ikiwa na pengo.

"Tutakupigia," binti alisema.

Hawakupiga. Mwezi uliofuata alipishana njiani na wafanyakazi wa kiwanda wakiwa na sare mpya, zilizoshonwa kwingine, mikono imewapwaya. Hakuna aliyemsalimia.