Ndama wa Kilema

Sijui kama ubia niliuelewa sawasawa. Shule niliishia kidato cha pili, nikawa fundi cherehani hapa Majengo, na kwenye chuo cha uhasibu nilikaa na vijana waliomaliza shule juzi juzi. Kwa hiyo nikikosea mahali, kosa ni langu, si la mwalimu.

Tulipokaribia kumaliza hesabu za ubia, sikuwa na ada ya kuendelea na hesabu za kampuni. Tegemeo langu lilikuwa ndama jike aliyekuwa Kilema kwa wifi yangu, mke wa kaka. Mama wa ndama huyo nilimnunua mimi, nikampeleka kwa wifi anifugie, kama ilivyo desturi ya kwetu mlimani. Anayefuga huchukua maziwa na mbolea. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, anayefuata ni wa mfugaji. Huyu alikuwa wa kwanza, lakini sisi hatukuandika wala kutamka lolote. Nilimkabidhi kamba tu, akaipokea.

Siku moja mwalimu akaomba mfano wa ubia usio na mkataba. Nikamtaja ng'ombe.

"Maziwa anachukua nani?"

"Wifi."

"Na mbolea?"

"Yeye huyo huyo."

Akayaandika ubaoni kama matoleo, yaani vile mbia anavyochukua kwa matumizi yake.

"Na kazi ya kukata majani, mwalimu?"

"Kama hamkukubaliana mshahara, hakuna mshahara. Faida mnagawana nusu kwa nusu."

Alikuwa sahihi, hata kitabu kinasema hivyo. Ikaonekana ubaoni kwamba wifi ameshachukua kupita fungu lake, na ndama mzima ni wangu.

"Mama," akasema kijana mmoja wa nyuma, "na ng'ombe mwenyewe anapewa fungu gani?"

Tukacheka, na mimi nikiwemo. Lakini niliondoka pale nimenyong'onyea. Kiangazi wifi huteremka hadi tambarare kutafuta majani, halafu apande nayo kichwani. Safari zile ubaoni hazikuwa na mahali. Nikajiuliza pia kama naipenda ile hesabu kwa sababu ni ya haki, au kwa sababu inanilipia ada.

Jumamosi nikapanda Kilema. Nilimkuta bandani.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Naona umemfuata ndama."

Nikamweleza yote: ada, ubao, majani. Nikamwambia kwamba kule darasani ndama ametoka wangu, ila hesabu ile siiamini, aseme yeye.

"Wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe," akasema. "Hilo nalo ni la kwenda kusomea?"

"Na majani uliyobeba?"

"Migomba yangu ile unafikiri inakula maneno? Mbolea ndiyo inayoilisha." Akampapasa ng'ombe mgongoni. "Mimi hofu yangu ni huyu mama yake. Nilisema, wifi akishajua hizo hesabu zao, atakuja na karatasi amchukue na huyu. Watoto nitawanywesha nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Mimi nilihangaikia ndama, mwenzangu alikuwa akiogopa kubaki na banda tupu.

"Ng'ombe anakaa hapa mpaka mwenyewe useme umechoka," nikamwambia. "Na ndama ajaye ni wako."

"Basi liandike hilo. Kwa Kiswahili, si kile cha chuoni kwenu."

Nikaliandika, naye akalisoma taratibu. Akaniamuru niongeze maziwa na mbolea, visije vikaitwa deni siku moja. Kaka akatia sahihi kama shahidi, akilalamika kwamba yeye haonekani popote.

"Wewe umekata majani lini?" wifi akamuuliza.

Ndama alinunuliwa na jirani yao, na ada ikalipwa. Hesabu za kampuni ni ngumu kuliko nilivyodhani, sijui kama nitafaulu. Ila kukaa tena kwenye lile dawati ninashukuru, na shukrani hiyo naielekeza kwa wifi kwanza, halafu kwa mwalimu, maana bila swali lake la maziwa nisingepanda Kilema kuuliza.

Siku ile wifi alinipa maziwa ya mgando kwenye chupa ya chai. Kwa makubaliano yetu yalikuwa yake. Sikujua niyaandike upande gani, nikayanywa.