Sauti ya Soja

Muema alikuwa hajafika hata kwenye boma la Mzee Bartholomew, kamba za mbuzi mkononi, wakati wasichana waliokuwa wakichota maji kwenye tangi walipoanza kucheka. Hakuwa amesema neno.

"Kasoo amekuja," mmoja akawaita wenzake. "Kujeni muone. Leo hana kabuti."

Kwa miaka mitatu, kila Jumapili jioni, nchi nzima ilikuwa imemcheka Kasoo, yule soja Mkamba, mlinzi wa geti wa kwenye televisheni anayechechemea ndani ya kabuti kuukuu, anayemkimbia mbwa wa tajiri wake na kuvunjavunja Kiswahili kila anapofungua mdomo. Muema ndiye aliyekuwa Kasoo. Watu walidhani ana gari. Alikuwa na chumba kimoja Kayole, Nairobi, choo cha kushirikiana na wapangaji kumi na wawili, na mwelekezi wa kipindi aliyezoea kumwambia, "Muema, punguza akili. Ongeza Ukamba." Naye aliongeza. Hilo ndilo lililomchoma: aliongeza, tena kwa ustadi.

Siku hiyo ya Desemba 1999 alikuja Kivaa na baba yake mdogo, Urbanus, kuleta mbuzi wa ntheo, ambao bila wao Mkamba hata akizaa watoto kumi hahesabiwi kuwa ameoa. Mbinya, binti wa Bartholomew, mwalimu wa shule ya msingi ambaye Muema alitaka kumwoa, alikuwa amemwonya mapema. "Baba hapendi hiyo kipindi yenu. Ukifika, ongea pole pole."

Waliketishwa kando ya ghala la mahindi. Urbanus alipoanza kueleza kilichowaleta, Bartholomew aliinua mkono. "Wacha kijana aseme mwenyewe."

Muema akasimama. "Nimekuja kwa heshima kumwomba Mbinya..."

Boma zima likaangua kicheko. Shangazi mmoja alijifuta machozi kwa leso. Wathome, mwenye duka lililokuwa na televisheni pekee pale sokoni, akapaza sauti: "Fanya kwanza ile ya mbwa, ndio tukupe bibi."

"Ile ya mbwa," wengine wakadakia.

Hasira zilimpanda Muema mpaka masikio yakawaka moto. Aliwatazama mmoja mmoja. Hapakuwa na hata mmoja pale aliyesema Kiswahili tofauti na Kasoo. Vijana hao wakienda Nairobi kutafuta kazi watachekwa hivyo hivyo, ofisi hadi ofisi, na yeye ndiye aliyewafundisha wenye ofisi kucheka. Akamtafuta Mbinya. Alimwona mlangoni mwa jiko, amejiziba mdomo kwa kiganja, wala hakuweza kujua kama analia au anacheka. Na huyu je, alimpenda nani? Muema, au kabuti?

Ni Bartholomew tu ambaye hakucheka.

"Mimi nimekuwa soja Industrial Area miaka kumi na moja," alisema, na kelele zikapungua. "Nataka nikuulize. Huyo mtu wako wa kabuti ulimtoa wapi?"

Waandishi wa magazeti walishamuuliza hivyo, na jibu lake lilikuwa tayari: nilimbuni mwenyewe. Urbanus aliinamisha kichwa.

"Ni baba yangu," Muema alisema.

Hakuna aliyecheka.

"Alilinda geti la tajiri mmoja Westlands miaka ishirini. Karo yangu yote ilitoka hapo getini. Ile sauti ni yake. Kule kuchechemea ni kwake, mbwa wa huyo tajiri alimrarua mguu wakamrudisha kazini siku ya tatu. Ile mnayotaka nifanye, ile ya mbwa, ndiyo hiyo."

"Yeye anasemaje?"

"Alikufa kabla sijaanza."

"Mimi nilijua siku ya kwanza," Urbanus alisema polepole. "Nikazima televisheni."

"Mbuzi wafungwe pale," Bartholomew alisema. "Lakini sijawapokea. Jumapili ya kwanza ya Februari nitaenda kwa Wathome na kiti changu, na wewe utakaa kando yangu. Nikikuona kwenye hiyo televisheni, utawachukua mbuzi wako."

Muema alirudi Nairobi akamwambia mwelekezi kwamba Kasoo apewe akili, amjibu tajiri wake hata mara moja, la sivyo atafute mtu mwingine. Mwelekezi alicheka. "Hata hapo umesema kama Kasoo," akamwambia. "Wakamba ni wengi, ndugu yangu. Kabuti liweke hapo."

Jumapili hiyo ya Februari, Wathome aliunganisha televisheni yake na betri ya gari, duka likajaa. Kasoo akatokea. Kabuti lile lile, geti lile lile, uso wa kijana mwingine. Mbwa akabweka, kijana akakimbia akichechemea, na watu wa Kivaa wakacheka kama walivyocheka siku zote.

"Huyu mpya hakufikii, Kasoo," Wathome alimwambia Muema kwa wema kabisa.

Bartholomew akainuka na kukunja kiti chake. "Twende nyumbani. Kuna mbuzi wa kuchinja."

Muema hakuinuka. Alikuwa ameikazia macho miguu ya yule kijana kwenye televisheni, ngumi amezikaza mapajani.

"Anachechemea mguu wa kushoto," alisema. "Baba aliumwa wa kulia."