Vipimajoto Viwili vya Mama Kipimo

Kwa miaka thelathini na mmoja, saa tatu kamili asubuhi, mpimaji wa kituo cha hali ya hewa alifungua kisanduku cheupe uani, akainama, akasoma kipimajoto kinachohifadhi joto la juu la mchana na la chini la usiku. Mvua inyeshe, jua liwake, hakukosa. Watu wakambandika jina la Mama Kipimo, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Siku moja manispaa iliitisha mkutano: mitaro mipya ijengwe mipana zaidi au la, maana kompyuta za wataalamu zilitabiri mvua kubwa. Shemeji yake Mama Kipimo, mhandisi wa barabara, akasimama.

"Kompyuta hizo zinabuni tu! Na hilo joto mnaloliimba ni la lami yangu. Kituo cha shemeji kilikuwa porini, leo kimezungukwa na maduka. Kinapima lami, hakipimi tabianchi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Kipimo naye akacheka, kisha akanyanyuka, madaftari kwapani.

"Shemeji, umesema kweli, ila nusu. Mlipomwaga lami tu, niliomba kipimajoto cha pili kiwekwe kule bwawani, mbali na nyumba na magari. Mlinzi wa bwawa anakisoma kila siku. Kwa miaka ishirini na miwili, hapa mjini joto limepanda nyuzi moja nukta tano. Bwawani, nukta nane. Nukta saba ni zako, nakuachia. Hizo nane za bwawani, lami yake uliimwaga wapi?"

Mhandisi akakuna kichwa. "Basi ni jua."

"Lingekuwa jua, mchana ungeongezeka joto kuliko usiku. Hata bwawani, usiku ndio umeongezeka zaidi. Gesi ya moshi wa viwanda na magari duniani kote inatufunika kama blanketi."

"Na kompyuta je?"

"Mvua, kompyuta zimeikosea mara mbili, nimeandika. Joto zimelipatia, na hewa ya joto hubeba maji mengi zaidi."

Mhandisi hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Aliyaomba madaftari, akakaa nayo siku tatu, akarudi nyumbani kwa shemeji yake uso umechangamka: amepata kosa! Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mama Kipimo akazitazama, akasahihisha kwa wino mwekundu, akatia sahihi.

"Ahsante. Kuna jingine?"

"Hakuna," akakiri mhandisi, akakunjua mezani mchoro wa mitaro. Alikuwa ameipanua kwa theluthi nzima. "Ila kwenye mvua, shemeji, bado tutabishana."

"Vuta kiti," akamwambia.