Msiba wa Nansio

Wiki iliyopita nilikuwa ofisi ya kijiji kule Sepuka, alipoingia mwalimu wa shule na mkewe kuomba ruhusa ya safari. Walitaka kwenda Nansio, mji mdogo wa bandari kisiwani Ukerewe, wakae Jumamosi na Jumapili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu mwenyekiti wa kijiji. "Nani amefariki?"

"Hakuna."

"Basi nani mgonjwa?"

"Hakuna, mzee. Tunakwenda kukaa tu. Tutazame ziwa, tule samaki, turudi."

Mwenyekiti akavua miwani. "Ziwa si lipo hapo Singida mjini? Mna ndugu huko?"

"Hatuna."

Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akamwinamia mwenyekiti sikioni, lakini sote tulimsikia: "Wanatuficha msiba hawa. Wanaogopa kutusumbua."

Ruhusa ikatoka papo hapo.

Ijumaa asubuhi nikapanda nao basi, mimi nikiishia Singida mjini. Yule mama na wazee wawili walikuwa wameshakaa, na kikapu cha unga wa mtama na kuku wawili miguuni.

"Kijiji kimetutuma," akasema mama. "Hamwezi kwenda msibani peke yenu."

Mwalimu akaenda kukaa nyuma yao. Mkewe aliwatazama wale kuku, akaangua kilio.

"Lia, mwanangu," mama akambembeleza. Kisha akawageukia wazee: "Si niliwaambia?"

Mimi nami nimechoka, natamani siku mbili za kukaa tu kisiwani. Bahati mbaya watu wa ukoo wetu wote ni wazima wa afya.