Theluji Iliyokwama Kashai

Kwa miaka mingi niliamini, na ningeapa mbele ya hakimu, kwamba baridi ya kiyoyozi hufungwa kiwandani. Nilielezwa hivyo kwa kinyozi mmoja pale Muleba, karibu na stendi, na mteja mwenzangu aliyeongea kwa utulivu kama anasoma taarifa ya habari. Alisema ziko nchi za theluji ambako watu wanaikinga theluji ile, wanaisindika mpaka inakuwa gesi, wanaijaza kwenye mashine na kuziba. Mashine ikifika kwetu inaitoa kidogo kidogo. Ndiyo maana za Dar es Salaam hazidumu: joto la kule ni kali, watu wanamaliza theluji ya mwaka mzima kabla mwaka haujafika nusu. Na ndiyo maana ukiacha wazi mlango wa ofisi yenye kiyoyozi unafokewa. Unamwaga mali ya watu.

Niliyameza yote bila maji. Si kwamba nilikuwa mtu wa kudanganywa hovyo. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na mke, nimebanana dawati moja na kondakta wa basi na mama muuza dagaa, na kwenye fizikia nilipata alama ambayo mwalimu mwenyewe aliitazama, akavua miwani, akaitazama tena. Tena nilikuwa na ushahidi. Niliwahi kushika rimoti ya kiyoyozi, na pale kwenye kioo chake kimechorwa nini? Theluji, ile nyota yenye matawi. Sasa nani atachora theluji kwenye kitu kisicho na theluji?

Basi shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, aliponipigia simu Alhamisi moja ya Novemba kusema kiyoyozi chake hakitoi baridi, jibu nilikuwa nalo kabla hajamaliza kunisalimia.

Shemeji anaishi Kashai, Bukoba mjini, na anaoka keki nyumbani kwake. Wakati huo alikuwa anajulikana kwa keki za watoto, zile za mishumaa na jina la mtoto kwa rangi ya waridi. Harusi zilikuwa zinampita. Kila mama aliyemsifia keki ya mwanawe, siku ya harusi alikwenda kwa mwokaji mwingine, kwa sababu harusi si mahali pa kujaribia mtu. Sasa alikuwa amepata harusi yake ya kwanza, Jumamosi ile, ukumbini huku kwetu Muleba. Keki ya ghorofa. Yeye anasema zilikuwa ghorofa nne. Mimi niliyeibeba nasema ilikuwa inashindana na mnara wa simu. Ikisimama, akina mama wote wenye mabinti watakuwa wameiona kwa macho yao. Ikianguka, watakuwa wameiona pia.

Atakayeuliza kiyoyozi cha nini Bukoba, mji ambao jioni watu wanavaa masweta, hajawahi kupamba keki msimu wa senene, wale panzi wa kijani tunaowakaanga. Mvua za Novemba zikija, senene wanashuka kama wamealikwa, na taa ikiwaka tu wako dirishani. Ukiacha dirisha wazi, krimu nyeupe inajaa miguu. Ukilifunga, jiko la kuokea likiwa upande wa pili wa ukuta, chumba kinageuka tanuri na krimu inateremka kama uji. Ndiyo maana alinunua kile kiyoyozi kwa muuzaji wa Mwanza, na kwa miezi kadhaa kilimtumikia vizuri. Wiki ile ya harusi ndipo kilipogoma.

Nilipanda basi na begi langu la bisibisi. Kazi yangu ni kutengeneza redio na spika, lakini katika ukoo wetu mwenye bisibisi ni fundi wa kila kitu, isipokuwa meno.

Nilimkuta shemeji amesimama mbele ya ua la krimu alilolitengeneza kwa majaribio. Lilikuwa limeinama kama mlevi. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma juu ya ukuta, na hewa yake ilikuwa ile ile ya chumbani, imehamishwa tu kutoka kona hii kwenda kona ile. Nilikitazama kwa huruma ya daktari, nikamwambia theluji imeisha.

"Imeisha imekwenda wapi?"

"Umeitumia, shemeji. Unakiwasha kila siku, unafikiri inaota mle ndani kama migomba?"

"Mulamu," akasema, na akiniita shemeji hivyo, kwa Kihaya, najua uvumilivu umefika ukingoni, "nimekuita uje na bisibisi. Hotuba ungeituma kwenye simu."

Niliona heri kumpigia fundi wa viyoyozi wa Mwanza, nikamwomba aje na gesi. Alikubali, ila akasema yuko kazini sehemu nyingine na hawezi kufika kabla ya Jumatatu. Nilipomweleza shemeji, alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafuta mikono kwenye aproni na kusema kwa sauti ndogo kwamba basi itabidi awapigie watu wa Muleba leo hii watafute mwokaji mwingine, maana kuwaambia Jumamosi asubuhi kungekuwa ni ukatili. Simu ilikuwa tayari mkononi mwake.

Nilimwomba asipige kwanza. Fundi wa spika hawezi kumpeleka mgonjwa kaburini bila hata kumgusa. Nikajiambia kwamba huenda imebaki theluji kidogo mle ndani, ya kutosha keki moja.

Nilianza na rimoti. Nilihakikisha iko kwenye alama ya theluji na si ya feni, nikashusha namba mpaka ya chini kabisa, nikabadilisha betri. Hakuna mabadiliko. Nikazima, nikafungua kifuniko cha kiyoyozi pale ukutani, nikachomoa machujio yake mawili. Hapo nilikutana na jambo ambalo sijaliona kwa fundi yeyote: machujio yalikuwa yameziba kwa sukari ya unga. Ile ya kupambia keki, inayopaa kama vumbi ukifungua pakiti. Niliyaosha karaini, na sisimizi wa Kashai yote, na nadhani wengine walitoka Kagondo, walikuja kunywa yale maji.

Nilipoyarudisha yamekauka na kuwasha, upepo ulitoka kwa nguvu na ulikuwa wa baridi. Shemeji akainua uso. Tulikuwa bado hatujamaliza kikombe cha chai upepo ukaanza kupata uvuguvugu, na kule nje nikasikia ile sehemu ya pili ya mashine ikikoroma, ikigonga tak, kisha ikanyamaza. Ya ndani ikaendelea kupuliza peke yake kama mtu anayeongea baada ya mkutano kufungwa.

"Hiyo ndiyo theluji ya mwisho?" shemeji akauliza. Hakuwa anatania.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kuitazama iliyonyamaza.

Kiyoyozi cha namna hii kina vipande viwili: cha ndani kinachopuliza, na cha nje, sanduku kubwa lenye feni. Cha shemeji kilikaa barazani nyuma. Na pale barazani, kati ya ukuta na mgongo wa lile sanduku, walikuwa wamekaa bibi wa nyumba ya jirani na wakwe zake wawili, kila mmoja na beseni, wananyonyoa senene. Mbawa na miguu huku, senene safi kule. Walikuwa na kazi kubwa, maana walikuwa wanaandaa wa nyumba mbili, na kumbuka nimesema msimu ule senene walishuka; walijaza mabeseni, ndoo, na kikapu ambacho naapa kilikuwa cha mtoto kulalia.

Niliwasalimu, nikajipenyeza. Mashine ikawa imepoa kidogo ikajiwasha tena yenyewe. Feni ikazunguka. Bibi akanyonyoa senene mmoja, akazirusha mbawa hewani bila kuzitazama, na zile mbawa hazikuanguka chini. Zilielea, zikageuka, zikaingia mgongoni mwa mashine kama wanafunzi waliosikia kengele.

Nilichuchumaa karibu na bibi.

"Bibi, mmeanza lini kukaa hapa?"

"Tangu senene waanguke. Hapa pazuri, mjukuu. Hiki kitu kinafagia chenyewe."

"Na mbawa zote zinakwenda wapi?"

"Si zinaingia humo," akasema, akinitazama kama mtu asiyejua ufagio. "Ufagio wa umeme. Hata kuku wa hapa wamenuna, hawapati kitu."

Nilimwita shemeji. Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikaungoja moto wa mashine upungue, nikafungua skrubu za kifuniko na kukitoa. Mgongo wa kiyoyozi una vibati vyembamba sana, vimepangwa kama kurasa za kitabu, ili hewa ipite katikati yake. Vibati sikuviona. Niliona blanketi. Mbawa za kijani na za kahawia, miguu, na wadudu wadogo wa ziwani waliokuja bila mwaliko, vyote vimeshikana na kukauka mpaka vimekuwa kitu kimoja. Nilipolibandua kwa vidole lilitoka kipande kizima, la kutosha kumfunika mtoto.

Shemeji alishika kiuno. Nilidhani atagomba, lakini aliangua kicheko mpaka akaegemea ukuta, na wakwe wa bibi nao wakacheka, na bibi peke yake akabaki anaitetea mashine, akisema ni nyinyi wenyewe mlioiweka mahali pa kunyonyolea senene.

Ilikuwa imefika zamu yangu. Nilichukua brashi ya rangi, ile laini, nikapiga mswaki vibati vile kuanzia juu kwenda chini, taratibu, maana ukivilazimisha vinalala na havinyanyuki tena. Kisha maji ya mpira, kwa nguvu ndogo, kutoka ndani kwenda nje. Zilitoka mbawa nikasema zimekwisha, zikatoka nyingine. Kama senene wangekuwa wanahesabiwa kwa mbawa, nilitoa kijiji kizima. Zingetosha mito ya kulalia ya bweni, na godoro la mwalimu wa zamu. Hatimaye nikaona mwanga wa upande wa pili ukipenya katikati ya vibati, na ulinifurahisha kuliko cheti changu cha jioni.

Tulisubiri pakauke. Nilirudisha kifuniko, nikawasha swichi. Feni ya nje ikanipiga upepo wa moto miguuni, mkali kama wa mdomo wa tanuri, nikaruka pembeni. Nikangoja nisikie ile tak. Haikuja. Ikaendelea kuvuma, kwa sauti laini, bila kuchoka.

Nilipoingia chumbani nilimkuta shemeji amesimama chini ya kiyoyozi, mikono juu, mikono ya gauni ikipepea. Alikuwa ametengeneza ua jipya la krimu. Lilikuwa limesimama wima. Alikwenda kulichukua sweta lake, akalivaa, akaurudisha uso wake wa kazi.

"Shemeji, funga mlango," akasema. "Ukiwa nje."

Bibi na mabeseni yake tulimhamishia upande wa pili wa baraza, tukampa ufagio mpya. Alisema ule wa umeme ulikuwa bora.

Ijumaa yote shemeji alipamba. Jumamosi alfajiri tuliipakia keki kwenye gari, kila ghorofa na boksi lake, nami nikaishika ile ya juu mapajani kutoka Bukoba hadi Muleba, kila kona nikiinama kama dereva wa pikipiki. Ukumbini aliipanga mwenyewe. Ilisimama wakati wa dua, ikasimama wakati wa hotuba ya mjomba, hotuba ambayo ingeangusha hata ukuta, na maharusi walipoweka kisu ilikuwa bado imesimama, kila ua mahali pake. Akina mama walianza kumzunguka shemeji hata kabla ya kipande cha kwanza kuliwa. Wawili waliitaja tarehe kabisa. Mmoja alimvuta na binti yake, ambaye nadhani alikuwa hajapata hata mchumba.

Mimi mezani nilikuwa nasimulia. Niliwaeleza wageni jinsi theluji ilivyokuwa imekwama mgongoni mwa mashine, imezuiwa na mbawa, na mimi nikaifungulia njia. Pilau ilipofika nilikuwa nimefikisha tani mbili za theluji. Watu walisikiliza vizuri sana.

Shemeji alipita na sahani, akakaa kiti cha jirani yangu, akaninong'oneza ili meza isisikie.

"Shemeji, jana nilimpigia aliyeniuzia. Mle ndani hamna theluji, wala haijawahi kuwemo. Kiyoyozi kinachukua joto la chumbani na kulitupa nje. Gesi ndiyo inayolibeba, inazunguka na kurudi, na haiishi mpaka kuwe na tundu. Zile mbawa zilikuwa zimeziba mahali joto linapotolewa nje."

Nikaigeukia meza, nikawaambia zile tani mbili hazikuwa za theluji, zilikuwa za joto.