Shamba la Macho Nne Haliko Kwenye Ramani

Asubuhi hiyo mimi na dada yangu Rebeka tulikuwa tunapukuchua mahindi nje ya nyumba yetu, shamba la Macho Nne, upande wa Timboroa. Macho Nne alikuwa mzungu wa miwani. Jina lake la kwao hatukulijua. Sisi vibarua tulimpa letu, na shamba tukaliita hivyo. Uhuru ulipokuja akauza, akaenda zake. Vikundi viwili vikang'ang'ania shamba, kila kimoja kikisema ndicho kilichonunua. Sisi tulioishi hapo hakuna aliyetuuliza.

"Maria, unapukuchua kama bibi ya chifu," Rebeka akasema. "Kucha zitavunjika."

Sikupata nafasi ya kumjibu.

Walitokea kwenye miti ya miwati, wanaume wenye mishale na mapanga. Wawili niliwatambua. Tuliimba nao kwaya.

Nyumba ya Barnaba ikawaka. Halafu ya Eseri. Halafu yetu.

Rebeka akarudi ndani kumtoa mama.

Mama alitoka. Rebeka alipigwa mshale mlangoni.

Tulimzika haraka, hatua ishirini juu ya josho la ng'ombe, tukakimbilia Eldoret.

Juzi mjukuu wangu Dani, anayeandika kitabu cha ukoo, alinipeleka ofisi ya ardhi tutafute kaburi. Karani akacheka.

"Mama, hakuna mahali panaitwa Macho Nne."

"Usiniambie hakuna. Nimezika mtu hapo."

Ramani ya zamani ilikuwa na majina ya wazungu, ambayo hatukuyajua. Ya sasa ina majina ya waliogawana ploti. Letu halikuwa popote.

"Shosho, kulikuwa na nini hapo cha mawe?" Dani akauliza.

"Josho."

Kwenye ramani ya zamani, upande ule, josho lilikuwa moja tu. Tukaenda. Lipo, limejaa magugu. Nikahesabu hatua ishirini, nikaingia kwenye mahindi ya mtu. Mwenyewe ni kijana, alizaliwa baadaye, sina neno naye. Neno langu ni kwa waliopitisha trekta juu ya dada yangu, halafu wakapaita mahali hapo Amani.

Dani akaanza kuandika: Rebeka, alizikwa Amani. Nikamshika mkono.

"Andika Macho Nne. Andika na Barnaba na Eseri, walichomewa nyumba hapo. Na wale wawili wa kwaya, majina yao nitakutajia. Hiyo Amani iandike mwisho, kama karatasi itabaki na nafasi."